Tupeane uzoefu: umepiga apdeti ya Linux, ukiwasha kompyuta mitandao ya waifai haipo

Steshenari ya Jirani (Tanga)

Habari za jioni wakuu.

Naomba uzi huu uwe wa kusimuliana yaliyotukuta. Kila mtu aseme mashine yake ilifanya nini, alitafuta wapi na ilirudije. Sipendi ule ushauri wa "futa, weka upya" unaotolewa kabla mtu hajauliza swali hata moja. Nimeona watu wakipoteza kazi za miaka kwa ushauri huo, na kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Naanza mimi.

Nina steshenari ndogo. Mashine ya mbele, ile ambayo wanafunzi wanafanyia maombi ya vyuo, ni laptopu ya zamani yenye Linux Mint (Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, na Mint ni aina yake mojawapo). Ijumaa usiku nikaamua kuipandisha kutoka toleo la 21.3 kwenda 22. Nikanunua bando la usiku, nikaiacha ipakue, saa nane na nusu ikamaliza bila kulalamika. Nikazima, nikalala. Jumamosi asubuhi naiwasha, vijana wanne wako kwenye benchi na vyeti vyao kwenye bahasha, naangalia kona ya chini kulia: alama ya waifai haipo. Nikifungua mipangilio ya mtandao naona mtandao wa waya peke yake, kana kwamba laptopu haijawahi kuwa na waifai tangu itengenezwe. Rauta iko juu ya kabati, mita mbili, na simu yangu inaishika vizuri.

Nikafungua terminali nikaandika `lspci -nnk`. Kadi ya waifai ilikuwepo kwenye orodha: Broadcom BCM43142. Ila chini yake ule mstari wa `Kernel driver in use` haukuwepo. Maana yake kompyuta inaiona kadi, lakini hakuna draiva (programu ya kuiendesha kadi) iliyoishika. Hapo moyo ukatulia, maana nilijua kadi haijafa.

Sasa kurekebisha kunataka intaneti, na intaneti ndiyo iliyopotea. Nikachukua simu, nikaichomeka kwa waya wa USB ili igawe intaneti kwa laptopu. Ikachaji tu. Kile kitufe cha kugawa intaneti kwa USB kwenye simu kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Nikajaribu tundu la pili, la tatu, hamna. Nilipoteza karibu nusu saa mpaka jirani yangu wa duka la vifaa vya simu akaniambia, "Kaka, huo waya ni wa kuchajia tu, hauna nyuzi za data." Akaniazima waya mwingine mfupi mweusi. Nilipouchomeka tu, simu ikauliza natumia kwa kazi gani, nikawasha kugawa, na kwenye Linux mtandao wa waya ukajitokeza wenyewe bila kuweka draiva yoyote. Tangu siku ile waya wenye data unakaa kwenye droo ya mauzo, na hauazimishwi.

Chanzo chenyewe kilikuwa hiki. Draiva ya kadi yangu, inayoitwa `wl`, haimo ndani ya keneli (kiini cha Linux kinachoongoza vifaa vyote). Inajengwa upya hapo hapo kwenye mashine yako kila keneli mpya inapoingia, na anayeijenga ni programu iitwayo DKMS. Ili ajenge anahitaji faili za `linux-headers` za keneli hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimetoka 5.15 nikaingia 6.8, headers za 6.8 hazikuwemo, kwa hiyo `dkms status` ilikuwa inanionyesha draiva iliyojengwa kwa 5.15 tu. Nikaandika:

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`
`sudo modprobe wl`

Amri ya pili ilichukua kama dakika mbili, feni inalia. Ya tatu haikusema neno, ila alama ikachomoza kwenye kona na mitandao ya mtaa mzima ikajipanga. Saa nne kasoro kijana wa kwanza alikuwa anajaza fomu.

Karibuni na nyie.

Mkaazi Mjini (Unguja)

Assalamu alaykum.

Kisa changu kifupi. Niliipiga kompyuta apdeti jioni, asubuhi nikaenda nayo skuli, kuifungua waifai hakuna. Nikaamini kwa moyo wote ni ile apdeti. Siku mbili nasoma mambo ya draiva. Kisha mtu mmoja akanambia niandike `rfkill list`, amri ya kuonesha kama waifai imezimwa, ikanijibu `Hard blocked: yes`, yaani imezimwa kwa swichi. Kumbe kompyuta za zamani nyingine zina swichi ndogo ya waifai ubavuni, na yangu ilikuwa imesukumwa ndani ya mkoba. Nikairejesha kwa ukucha, mitandao ikaja.

Kama ingelikuwa `Soft blocked: yes`, yaani imezimwa na programu, dawa ni `rfkill unblock wifi` tu. Basi kabla ya yote tuangalieni hapo, ni amri ya sekunde moja.

Kijana wa Ziwani (Kisumu)

Salamu kutoka Kisumu. Yangu haikuwa draiva kukosa kujengwa, ilikuwa apdeti iliyokatika katikati.

Natumia Ubuntu 22.04. Betri ya laptop yangu ilikufa kitambo, kwa hivyo inaishi kwa chaja. Siku hiyo apdeti ilikuwa inaleta keneli mpya, stima ikapotea. Ilipotea mara moja tu, dakika kumi hivi, lakini laptop ilikuwa ishazima. Iliporudi, mashine iliwaka vizuri kabisa, skrini sawa, faili zangu zote ziko. Waifai hakuna. Na nikacheza video nikagundua hata sauti hakuna.

Hiyo sauti ndiyo ilinisaidia kujua shida iko wapi. Vitu viwili visivyohusiana kupotea siku moja, hiyo si kadi ya waifai kuharibika. Ubuntu inagawa keneli katika vifurushi kadhaa: kuna `linux-image`, kuna `linux-modules`, na kuna `linux-modules-extra`. Draiva nyingi za waifai, hata za kadi za Intel, zinakaa kwa hicho cha mwisho. Kwangu image ya keneli mpya ilikuwa ishaingia na modules-extra haikuwa imefunguliwa bado. Kompyuta ikawaka na keneli isiyo na viungo vyake vyote.

Nilichofanya: nikawasha upya nikishikilia Shift mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua keneli ya kuwasha nayo, itokee (mashine zingine zinataka Esc), nikaingia `Advanced options`, nikachagua keneli ya zamani. Waifai ikarudi saa hiyo hiyo, sauti pia. Kutoka hapo nikamaliza kazi iliyokatika:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`
`sudo apt full-upgrade`

Nikawasha na keneli mpya, kila kitu kiko. Wenzangu, msifute keneli ya zamani hadi mpya ikae siku kadhaa bila shida. Nafasi inayochukua kwa diski si kitu ukilinganisha na kukosa mahali pa kurudi.

Steshenari ya Jirani (Tanga)

Kijana wa Ziwani, hii ya sauti kupotea pamoja na waifai sikuijua kabisa. Asante sana ndugu yangu.

Bi. Maabara (Dodoma)

Nasimamia chumba cha kompyuta chuoni. Tunatumia Debian. Nimekuja na kisa ambacho najua kimewakuta wengine, maana kosa lake linaanzia kwenye usafi.

Tulipanda kutoka Debian 11 kwenda 12, ile ya Juni 2023. Mashine ya majaribio ilipanda vizuri na waifai ilifanya kazi. Kisha nikafanya usafi ambao watu wote tunashauriwa kufanya, kuondoa vifurushi ambavyo havimo tena kwenye hazina (ghala la mtandaoni la programu za Debian): `apt purge '~o'`. Orodha ilikuwa ndefu, nikapitisha macho juu juu, nikakubali. Nilipowasha upya, waifai haipo.

Kadi ni ya Intel, draiva yake `iwlwifi` imo ndani ya keneli, na `lspci -nnk` ilionyesha kuwa moduli yake inajulikana. Nikasoma `sudo dmesg | grep iwlwifi`, nikaona draiva inatafuta faili lake la fimweya, moja baada ya jingine, halafu inasema `no suitable firmware found!`. Kwa wasiojua: draiva iko kwenye kompyuta, ila kadi yenyewe nayo ina programu yake ndogo ambayo draiva inaipakia kila inapowaka, inasomwa kutoka `/lib/firmware`. Bila hiyo kadi ni kipande cha plastiki na bati.

Fimweya ilikwenda wapi? Debian 12 iliziondoa fimweya kwenye sehemu ya `non-free`, ikazifungulia sehemu yake mpya, `non-free-firmware`. Faili letu la `/etc/apt/sources.list` lilikuwa bado na `main contrib non-free`. Kwa hiyo kwa macho ya apt, programu inayoweka na kufuta vifurushi, kifurushi cha `firmware-iwlwifi` kilikuwa yatima, hakina hazina inayokitambua. Nikakipiga purge kwa mkono wangu pamoja na takataka halisi.

Nilipakua kifurushi kwenye mashine nyingine, nikakileta kwa flashi, nikaandika `sudo apt install ./` pamoja na jina la faili, kikaingia. Halafu nikaongeza neno `non-free-firmware` kwenye kila mstari wa sources.list, nikapiga `apt update`. Mashine 14 zilizobaki nilizirekebisha faili hilo kwanza, ndipo nikazipandisha, na hakuna hata moja iliyopotea hewani.

Ukiona kwenye orodha ya kufutwa jina linaloanza na `firmware-`, simama.

Mwalimu wa Kidato (Kigoma)

Wakuu samahani kuingilia, mimi sina kisa cha zamani, yangu yananikuta sasa hivi. Nimepanda Ubuntu kutoka 22.04 kwenda 24.04 jana. Waifai haipo. Natakiwa kupakia alama za wanafunzi kwenye mfumo kabla ya saa kumi leo. Naandika kwa simu. `rfkill list` inaleta Bluetooth tu, waifai haitajwi. Naombeni msaada, nifanye nini kwanza?

Steshenari ya Jirani (Tanga)

Pole mwalimu, utafika. Rfkill kutoitaja waifai ni dalili kwamba draiva haijaishika kadi. Andika `lspci -nnk | grep -i -A3 network` halafu utuandikie hapa inachosema, neno kwa neno. Na simu yako ikiwa na bando, tafuta waya wenye data, pakia alama kwanza kupitia USB. Mengine tutatengeneza taratibu.

Fundi wa Mitumba (Mwanza)

Wakati tunamsubiri mwalimu, hii ni ya mteja wangu.

Nauza laptopu za mtumba, nyingine zinatoka Marekani. Mteja alirudi na yake: "Fundi, Linux uliyoniwekea nimeipiga apdeti, sasa haioni waifai ya nyumbani." Nikaiwasha dukani, inaona mitandao kumi na kitu. Nikamwambia iko sawa. Akaenda nayo nyumbani, akarudi kesho yake, haioni. Simu zote za pale nyumbani zinauona mtandao, laptopu inaona ya majirani tu, wa kwao hauoni.

Nilikwenda mpaka kwake, Nyegezi. Nikaingia kwenye rauta kwa simu, nikaangalia chaneli. Ilikuwa 13. Hapo nikaelewa. Marekani, kwenye masafa ya GHz 2.4, waifai hutumia chaneli 1 mpaka 11. Kadi hii imeandikwa ndani yake kwamba ni ya Marekani, kwa hiyo haisikilizi 12 wala 13. Huku kwetu rauta nyingi zinaruhusiwa mpaka 13. Nikaandika `iw reg get` ikaonyesha `country US`. Nikajaribu `sudo iw reg set TZ`, haikusaidia, kwa sababu kadi ya namna ile inakubali kubanwa zaidi na haikubali kulegezwa.

Apdeti haikuwa na hatia kabisa. Rauta ilikuwa imeachwa ichague chaneli yenyewe. Siku ile ile aliyopiga apdeti umeme ulikatika mtaani, uliporudi rauta ikaamka ikachagua 13. Mambo mawili yakaangukia siku moja. Nikaifunga kwenye chaneli 6, laptopu ikauona mtandao kabla sijaweka simu chini.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja siku hizi ni: haioni mtandao wowote, au haioni mmoja? Haya ni magonjwa mawili tofauti.

Mfugaji wa Vifaranga (Arusha)

Mimi si mtu wa laptopu, nina Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayosoma joto kwenye mashine ya kutotolea vifaranga na kunitumia kwenye simu. Miaka yote nilikuwa naandaa kadi ya kumbukumbu, naweka faili la `wpa_supplicant.conf` lenye jina la mtandao na nywila kwenye ile sehemu ya kuwashia, nachomeka, inajiunga yenyewe. Haina skrini wala kibodi.

Nilipohamia toleo jipya, lile lililojengwa juu ya Debian 12 na kutoka Oktoba 2023, nikafanya vile vile. Kimya. Haikuonekana kwenye rauta. Mayai yalikuwa siku ya 17, nililala pale pale bandani nikisoma kipimajoto kwa tochi kila baada ya saa moja.

Kumbe toleo lile limehamia NetworkManager, programu nyingine ya kusimamia mitandao, na faili langu la zamani halisomwi tena. Isitoshe, nilipochomeka skrini niliona inasema waifai imezuiwa na rfkill mpaka niitaje nchi. Nikaingia `sudo raspi-config`, nikachagua nchi, TZ, kisha `nmtui` nikaweka mtandao na nywila. Ikashika. Sasa naandaa kadi kwa programu yao ya Raspberry Pi Imager, ambayo inakuuliza nchi, mtandao na nywila kabla ya kuandika.

Vifaranga walitoka, alhamdulillah.

Mwalimu wa Kidato (Kigoma)

Nimerudi. Imeleta hivi:

`02:00.0 Network controller [0280]: Realtek Semiconductor Co., Ltd. RTL8821CE [...] [10ec:c821]`
`Kernel modules: rtw88_8821ce`

Hakuna mstari mwingine. Waya wa jirani nimeupata, simu inagawa intaneti, alama nimeanza kupakia.

Bi. Maabara (Dodoma)

Vizuri sana mwalimu. Keneli yako inaijua draiva, ila haijaipakia. Kuna mtu amewahi kukuwekea draiva ya pembeni ya hii kadi, wakati ule wa 22.04? Andika `grep -r rtw88 /etc/modprobe.d/`

Mwalimu wa Kidato (Kigoma)

Ndiyo dada, kijana mmoja aliniwekea mwaka juzi, aliipakua akaijenga kwa amri nyingi. Jibu ni:

`/etc/modprobe.d/blacklist.conf:blacklist rtw88_8821ce`

Bi. Maabara (Dodoma)

Ndiyo hiyo. Kijana hakukosea. Wakati ule watu wengi wenye kadi hii walikuwa wanaizuia draiva ya ndani ili ile ya pembeni ifanye kazi bila kugombana nayo. Sasa umepata keneli mpya, ile ya pembeni ni ya zamani imeshindwa kujengwa, na ya ndani bado imezuiwa. Kadi imebaki haina mwenyewe.

Jaribu `sudo modprobe rtw88_8821ce`. Kule kuzuia kunaikataza isijiwashe yenyewe tu, ukiiita kwa jina lake inakuja.

Mwalimu wa Kidato (Kigoma)

Imekuja!! Mitandao saba inaonekana, wa kwetu umo!

Bi. Maabara (Dodoma)

Alhamdulillah. Sasa fungua faili hilo kwa `sudo nano /etc/modprobe.d/blacklist.conf`, weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari ule mmoja tu, hifadhi. Kisha `dkms status` ikionyesha rtl8821ce ya zamani, iondoe kwa `sudo dkms remove` ukifuatisha jina na toleo kama vilivyoandikwa, mwishoni `--all`. Ila maliza alama kwanza.

Kijana wa Ziwani (Kisumu)

Na mwalimu, kama kwa BIOS yako (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva zisizo na saini inayotambuliwa, iko on, siku nyingine usijenge draiva ya pembeni bila kujua hili: ikishajengwa inaweza kukataliwa na `Key was rejected by service`. Wakati wa kuweka inakuomba nywila, ukiwasha upya inakuja skrini ya buluu inayongoja sekunde 10 hivi. Lazima ubonyeze kitu, uchague `Enroll MOK` (kusajili ufunguo wa saini yako), uweke ile nywila. Mimi mara ya kwanza niliiacha ikapita, nikashinda siku nzima nikijenga draiva ambayo ilikuwa imejengwa sawa.

Fundi wa Mitumba (Mwanza)

Na wenye Windows na Linux kwenye mashine moja, apdeti ya Windows nayo huweza kuirudisha ile `Fast Startup`. Windows haizimi kabisa, inalala na kadi mkononi, ukiingia Linux waifai hamna. Izimeni huko huko kwenye mipangilio ya umeme ya Windows.

Mwalimu wa Kidato (Kigoma)

Saa tisa na dakika ishirini, alama za madarasa yote matatu zimepokelewa. Nimeweka ile `#`, ile ya zamani kwenye dkms nimeiondoa, nikazima kabisa na kuwasha. Imejiunga yenyewe kabla sijagusa kitu, na waya wa jirani nimesharudisha. Dada Bi. Maabara, nikiandika tena `lspci` sasa kuna mstari mpya wa `Kernel driver in use`, na jina lake ni `rtw_8821ce`, halina 88. Hiyo ni kawaida?

Bi. Maabara (Dodoma)

Ni kawaida mwalimu. Ndivyo inavyojiita ikishaishika kadi.